Kabla Hujakigawa Kiolezo Chako

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkusanyiko wa mafundi wa msumeno wa nakshi. Yamenyooshwa kidogo ili yasomeke, ila mzaha mmoja mmoja umeachwa ulivyokuwa.)

Mwenyekiti, mafundi wenzangu, na nyinyi mliokuja kutazama tu mkajikuta mmekalishwa viti vya mbele, asanteni kwa kunipa nafasi.

Nimeombwa nizungumze juu ya kutengeneza violezo na juu ya kuvigawa. Waandaaji waliyaweka kama mambo mawili, hili kwanza, lile baadaye. Wataniwia radhi, nimeyachanganya, kwa sababu sioni yanapotengania. Ukichora ua kwenye karatasi, ukalibandika kwenye ubao wako na kulikata mwenyewe, upungufu wote wa mchoro unaujua: hapa mstari umepinda lakini nitaunyoosha nikifika, pale ni pembamba, nitapita polepole. Mkono wako unasahihisha karatasi bila wewe kutambua. Siku unapompa mwenzako karatasi ileile, hayo uliyoyajua hayaendi naye. Anabaki na mistari tu. Kwa hiyo ninaposema kiolezo, nina maana ya mchoro ambao mtu asiyekujua, asiyeweza kukuuliza, anaweza kuubandika, kuukata na kupata kitu kile ulichokikusudia. Mengine yote ni michoro, na michoro ni mizuri, ila tusiigawe kwa jina la violezo.

Nianze na kosa lisilosameheka. Msumeno wetu ukizunguka mstari wote mpaka ukarudi ulikoanzia, kilichokuwa ndani kinaanguka. Chukueni herufi O. Ukiitoboa kwenye ubao, sehemu ya katikati inaondoka pamoja na duara, na unabaki na shimo la mviringo lisilosomeka chochote. Ukitaka O, sharti uache vipande viwili vya mbao viishike ile katikati. Hivyo ndivyo tunavyoviita madaraja. Na kipande chochote kilichokusudiwa kubaki lakini hakina daraja ni kisiwa, na mwisho wa kisiwa mnaujua, ni kukitafuta sakafuni kwenye vumbi.

Kwenye herufi, kisiwa kinaonekana hata na mtoto. Kwenye uso wa mtu kinajificha. Tukikata sura, kwa kawaida sehemu nyeusi ndizo zinazotobolewa, na nyuma tunaweka kitambaa au ubao mweusi ili giza lionekane kupitia matundu. Mboni ya jicho inatobolewa. Sasa ule mng'ao mdogo mweupe ulio ndani ya mboni utashikwa na nini? Umezungukwa na giza pande zote. Mchoraji mgeni hufanya moja kati ya mawili: huuacha ukielea, au huufuta. Akiuacha, utaanguka. Akiufuta, sura inakufa, mtu anatazama kama ameshtuliwa usingizini. Dawa ni kuusogeza mng'ao kidogo mpaka uguse ukingo wa kope au weupe wa jicho. Milimita mbili za kusogeza zinatosha, na hakuna atakayejua kwamba taa haikuwa pale hasa. Vivyo hivyo kwa meno, kwa kitundu cha sikio, kwa ukosi wa shati uliozungukwa na koti jeusi. Kila mahali ambapo mwanga umezingirwa na kivuli, jiulize unapita wapi kutoka.

Kuna kipimo ambacho naomba kila mtu hapa akifanye kabla faili halijatoka mkononi mwake. Programu nyingi za kuchorea zina kile chombo cha kumwaga rangi, chenye alama ya ndoo. Chagua rangi kali, nyekundu kwa mfano, kisha bonyeza mahali popote kwenye fremu ya mchoro wako, pale ambapo mbao itabaki. Rangi itatambaa kila mahali inapoweza kufika bila kuvuka mstari. Ikiisha kutambaa, tazama. Sehemu yoyote ya kubaki ambayo haijawa nyekundu ni kisiwa. Kazi hii haimalizi hata dakika moja. Na hata hivyo violezo vyenye visiwa vinaendelea kusambazwa kila siku, jambo linaloniambia kwamba waliovichora hawajavikata wala hawajavimwagia rangi.

Kipimo hicho kina upofu wake, lakini. Rangi itapita kwenye daraja hata kama ni jembamba kama mguu wa mbu. Ndoo haijui mbao. Mbao inajua.

Kwenye plaiwudi, ambayo tabaka zake zimelazwa nyuzi zikipishana, daraja jembamba lina bahati, kwa kuwa upande wowote utakaolielekeza kuna tabaka fulani linalolishika. Kwenye mbao nzima mambo hubadilika. Daraja linalokwenda sambamba na nyuzi ni imara. Daraja la upana uleule linalokatiza nyuzi linapasuka ukilipiga msasa. Kwa hiyo kiolezo cha mbao nzima lazima kiwe na mshale wa kuonyesha nyuzi zielekee wapi, na mchoraji lazima awe amefikiri juu ya mshale huo kabla ya kuchora, siyo baada. Shina la ua likisimama wima na nyuzi wima, litadumu. Matawi yanayolala kwenye shina hilohilo ndiyo yatakayovunjika, basi yanenepeshe au yaguse kitu kingine mwishoni. Mimi mwenyewe sishuki chini ya milimita 2 kwenye plaiwudi ya milimita 6, na kwenye mbao nzima, kwa daraja linalokatiza nyuzi, hata 3 naiona ndogo. Wapo mafundi hapa wanaokata nusu ya hapo wakicheka. Nawapongeza. Ila wakichora kwa ajili ya wengine, wasichore kwa mikono yao.

Nije kwenye vipimo, ambavyo huzaa malalamiko kuliko kitu kingine.

Mtu anachukua kiolezo cha pambo la sentimita 30 na kukichapa kwa asilimia 50 ili apate kidude cha kuning'iniza. Picha inapungua vizuri. Daraja la milimita 2 sasa ni la milimita 1. Lakini bledi, ule ukanda wa meno wa msumeno, haikupungua. Bledi namba 5 ya kawaida, kwa watengenezaji wengi, ina unene wa karibu milimita 0.4, na huo ndio upana wa mbao inayogeuka vumbi kila unapopita. Ukikata katikati ya mstari pande zote mbili za daraja lile la milimita 1, unalipunguza kwa 0.4 na kubaki na 0.6. Hapo hujatetemeka hata kidogo. Kutoka menoni hadi mgongoni bledi hiyohiyo ina karibu milimita 1, na ili uipenyeze mahali pa kuanzia unahitaji tundu kubwa zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba nafasi yoyote kwenye kiolezo isiyozidi milimita 1.5 haikatwi kwa msumeno. Ni tundu la drili na basi. Mchoraji akiisha kuelewa hivyo, ataacha kujaza mchoro vijinafasi vya nukta na kuvichora kama vitundu vya mviringo, akaandika na ukubwa wa biti pembeni.

Sasa violezo vya vitu vya kupachikana: visanduku, rafu ndogo, vishikio vya picha. Hapa kupunguza au kukuza ndiko kunakoua kazi. Mchoraji ameacha mwanya wa milimita 6 kwa sababu mbao yake ni ya milimita 6. Ukichapa kwa nusu, mwanya ni wa 3 na mbao yako bado ni ya 6; ulimi wa kupachika hauingii. Ukikuza kwa asilimia 120, mwanya ni wa 7.2 na kisanduku kinacheza kama kinataka kutembea. Hakuna asilimia itakayokuokoa isipokuwa ubadilishe na unene wa mbao kwa kiasi kilekile. Nashauri kiolezo cha namna hii kiandikwe wazi: chapa kwa asilimia 100, mbao ya milimita 6, ukibadilisha ukubwa chora upya mianya. Na hata usipobadilisha, pima mbao yako kwanza, kwa sababu plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 6 mara nyingi haifiki 6 kamili.

Wakati mwingine mchoro unapunguzwa bila mtu kuomba. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Ile ya Letter inayotumika Marekani ni 216 kwa 279, pana zaidi kidogo na fupi zaidi. Ukituma faili lililojaza A4 kwa mtu mwenye Letter, programu yake mara nyingi italisawazisha na ukurasa, na kila kitu kitatoka kwa asilimia 94 hivi, bila onyo. Picha ya ndege hakuna atakayegundua. Lakini kama umechora tundu la saa la milimita 35, litatoka 33, na saa haitaingia. Mwenzako atakata kwa saa nzima, apige msasa, apake mafuta, ndipo ajue. Tiba ni kuweka mraba mdogo pembeni mwa kila ukurasa na kuandika: pima, kila upande uwe milimita 50. Mraba huo umeokoa mbao nyingi kuliko ushauri wowote ninaoujua.

Mistari nitaisema kwa kifupi. Ichoreni myembamba, karibu milimita 0.3. Mstari wa milimita 1 una kingo mbili, na mkataji hajui afuate upi. Msiijaze rangi nyeusi sehemu za kutoboa. Inamaliza wino, na bledi ikiwa juu ya weusi huioni. Kijivu hafifu kinatosha kumwambia mtu kwamba hapa ni pa kutupa. Wengine huchora mistari kwa rangi nyekundu, nami naona wana haki, macho yanachoka taratibu zaidi.

Na kama mnatumia kompyuta, hifadhini mchoro kama mistari ya vekta, siyo kama picha ya vitone. Vekta unaweza kuikuza kadiri upendavyo na mstari ukabaki mwembamba na laini. Picha ya vitone ikikuzwa inatoa ngazi, na msumeno utazifuata ngazi hizo kwa utiifu. SVG, aina ya faili la vekta, imekuwa kiwango cha wazi tangu 2001, na programu ya kuchorea ya Inkscape, iliyoanza 2003, inapatikana bure na inatosha kabisa kwa kazi yetu. Ina na uwezo wa kugeuza picha kuwa mistari yenyewe. Huo utumieni kwa tahadhari: unaleta mamia ya vijipembe visivyohitajika, na kuvisafisha huchukua muda kuliko kuchora upya. Penseli na karatasi ya kaboni bado vinafanya kazi, kama kuna anayeona aibu.

Niruhusuni nirudi nyuma kidogo, kwa kuwa kuna watu wanaodhani kugawa violezo kumeletwa na intaneti.

Mafundi wa vinia, yaani mbao nyembamba sana za kubandika, wa Paris walikuwa na njia yao ya kunakili miaka mingi kabla ya mashine ya fotokopi. Mchoro wa asili ulitobolewa kwa sindano, vitundu vidogo vikifuata kila mstari. Kisha uliwekwa juu ya karatasi safi na kupigwapigwa unga laini wa lami, unga ukapenya kwenye vitundu. Karatasi ya chini ilipopashwa moto, lami ilishika, na hapo palikuwa na nakala. Nakala ndiyo iliyobandikwa na kukatwa. Mchoro wa asili haukuonja msumeno kamwe. Ulirudishwa kabatini ukingoja kazi nyingine, na fundi mwingine. Nawauliza: wangapi hapa wamebandika mchoro wao pekee kwenye ubao? Msiinue mikono.

Hukohuko Paris, André-Charles Boulle, aliyeishi kuanzia 1642 hadi 1732 na kumtengenezea samani Mfalme Louis XIV, alipata umaarufu kwa kazi ya kupanga shaba ya manjano na magamba ya ng'amba pamoja, akayakata kwa mchoro mmoja. Mkato mmoja ulitoa paneli mbili: shaba ndani ya ng'amba, na ng'amba ndani ya shaba. Sisi tukipanga vibao vitatu pamoja na kuvikata kwa mara moja, tunatembea njia hiyo. Na huko London, katika miaka ya 1760, John Spilsbury alibandika ramani kwenye ubao mwembamba na kuukata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa kuunganisha vipande. Huyo alikuwa na raha: hakuna kisiwa cha kumsumbua, kila kipande kilichoanguka ndicho alichokitaka.

Halafu mwishoni mwa karne ya 19 kukata nakshi kukawa burudani ya nyumbani. Mwaka 1895 lilianza kutoka Uingereza jarida la kila wiki la Hobbies, likiwapa wasomaji michoro ya kukata, na biashara iliyokuwa nyuma yake ikiuza misumeno na mbao. Nalitaja kwa sababu kuna ubishi unaoibuka kila tunapokutana, kama kiolezo kiuzwe au kitolewe bure. Wale walishapata jibu lao. Mchoro ulikwenda kwa bei ya gazeti ili msumeno ununuliwe. Anayegawa bure leo ana sababu zake, anayeuza ana zake, na sioni kwa nini mmoja amwone mwenzake mchoyo au mjinga. Ninachokidai kwa wote wawili ni kimoja: cha bure kisiwe kibovu kwa kisingizio cha ubure.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kiolezo kisicho na maandishi hupotea vilevile. Mchoro unatoka kwako, unapita kwa watu kumi, wa kumi na moja anauona wako ni wake. Kwa hiyo jina lako liandike ndani ya eneo la mchoro, siyo pembezoni ambako mkasi unapita. Andika tarehe na namba ya toleo. Andika unene wa mbao uliotumia, bledi uliyotumia, na idadi ya matundu ya kutoboa. Hiyo idadi ya matundu watu huidharau, nami naiona ndiyo habari ya muhimu kuliko maneno kama "rahisi" na "ngumu". Ukiniambia matundu 12, najua nitamaliza kabla ya chakula. Ukiniambia 340, najua nijipange.

Ongeza na mpangilio wa kukata kama si wa kawaida. Kwa jumla tunaanzia katikati na vinafasi vidogo, tukitoka nje, na mzunguko wa mwisho unakuwa wa mwisho kweli, ili ubao uwe na nguvu muda wote. Lakini kuna michoro ambayo ina ulimi mrefu mwembamba unaopaswa kuachwa hadi mwisho, na mchoraji peke yake ndiye anayejua. Weka namba. Namba mbili tatu zinatosha.

Sasa haki. Najua hapa pana joto.

Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi sana zimeukubali, unasema kazi ya ubunifu inalindwa tangu inapotengenezwa. Muumbaji halazimiki kuisajili. Ulinzi wake wa chini kwa kazi za kawaida ni maisha ya muumbaji na miaka 50 baada ya kufa kwake, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Kwa hiyo picha uliyoikuta bila alama ya hakimiliki haikuachwa njiani. Ina mwenyewe. Ukiichukua picha ya mpiga picha, ukaigeuza nyeusi na nyeupe, ukaweka madaraja, umeongeza kazi yako, tena kazi ngumu, lakini chini yake picha bado ni yake. Omba ruhusa. Au tumia picha yako. Au tafuta kazi ya zamani ambayo muda wake umekwisha, na ukiisha kuipata, hakikisha na sheria ya nchi yako.

Kuna imani inayozunguka kati yetu kwamba ukibadilisha asilimia 10 ya mchoro wa mtu, au 20, au 30, kila anayesimulia ana asilimia yake, basi umekuwa wako. Sheria haina asilimia hiyo. Nani angeipima, na kwa rula gani? Kinachoulizwa ni kama umechukua sehemu muhimu ya kazi ya mwenzio. Lakini wazo halimilikiwi. Bundi juu ya tawi ni wa kila mtu. Bundi fulani, mwenye mabawa yaliyopangwa namna fulani, mwenye manyoya 17 yaliyochorwa na mtu fulani, huyo ana mwenyewe. Chora bundi wako.

Upande wa pili ni wewe unayegawa. Usiseme tu "tumieni". Watu wema wanakwama wasijue mipaka. Leseni za Creative Commons, zilizotolewa mara ya kwanza Desemba 2002, zinasaidia: kuna ya kutaka jina litajwe, ya kukataza biashara, ya kukataza kubadilisha, na ya kutaka mabadiliko yatolewe kwa masharti yaleyale. Mimi nazikubali, ila kwa kazi yetu naona zinaacha pengo, kwa sababu sisi tuna vitu viwili, karatasi na ubao uliokatwa. Neno "biashara" peke yake halimwambii mkataji kama anaweza kuuza kile kindege alichokikata kwa mikono yake. Kwa hiyo hata ukiweka leseni, andika chini yake sentensi tatu za kawaida. Kwa mfano: Unaweza kuuza ulichokata. Usiuze wala kugawa faili hili, waelekeze kwangu. Ukirekebisha mchoro, acha jina langu na uongeze lako. Mwanasheria atacheka, lakini fundi ataelewa, na anayesoma kiolezo ni fundi.

Kuna na habari ya leza, ambayo naona wengine walikuwa wanaingoja. Mashine ya leza haina haja ya tundu la kuanzia, haichoki, na mkato wake ni mwembamba kuliko wetu. Kiolezo chako kinaweza kuzaa vipande mia kabla hujamaliza kimoja. Kama hutaki hivyo, sema. Kama hujali, sema pia, usimwachie mtu kubahatisha. Ninachoomba kwa wenye leza ni kwamba wanapogawa michoro yao waandike ni ya leza. Nimeona lesi za matundu mia tisa zikiwekwa mbele ya wanaoanza kana kwamba ni za msumeno. Mwanzo kama huo humtoa mtu kwenye ufundi.

Na picha zinazotengenezwa na akili mnemba, hizo nazo zimejaa. Kwa mbali zinapendeza. Ukisogea, mistari haifungi, jani linaanza kwenye tawi moja na kuishia kwenye jingine, visiwa kila kona. Sina ugomvi na anayezitumia kupata wazo. Ugomvi wangu ni na anayezigawa mia kwa pamoja, hajakata hata moja, na kuziita violezo. Tuwe na desturi ndogo: kila kiolezo kiandikwe "kimekatwa" au "hakijakatwa". Maneno hayo mawili yatatutenganisha vizuri kuliko mabishano. Kiolezo kisichokatwa si haramu. Kigawe, sema hakijakatwa, na atakayejitolea kukikata anajua anaingia wapi.

Afadhali zaidi, mtafute mtu mmoja akukatie kabla. Asiwe fundi hodari kuliko wote. Hodari atapita juu ya kasoro zako bila kukuambia, kwa sababu mkono wake unazimeza. Mtafute wa kiwango cha kati, mwenye msumeno wa kawaida, umwambie asikuulize chochote mpaka amalize. Kisha muulize maswali yasiyomtaka akusifu: wapi ulisimama ukajiuliza? Nini kilivunjika? Uligeuza karatasi mara ngapi kutafuta upande wa kutupa? Ukimuuliza "umekionaje?" atakwambia kizuri, kwa adabu, na hutapata kitu.

Na kiolezo kikishatoka, masahihisho yatakuja, mengine kwa maneno makali. Mtu atasema daraja la chini ya mkia limevunjika. Jibu rahisi ni kumwambia alitumia bledi kubwa. Inawezekana kweli alitumia. Wakiwa watatu, nenepesha daraja. Badilisha namba ya toleo, andika kilichobadilika, mtaje aliyekuambia kama ameridhia, na faili la zamani liondoe mahali ulipoliweka, maana matoleo mawili yenye jina moja ni mateso. Na wewe uliyekata cha mwenzako ukaona kasoro, usinyamaze ukairekebisha kwenye nakala yako tu. Mwandikie. Piga picha mahali palipovunjika, mwambie unene na bledi. Sentensi mbili tu zitamsaidia kuliko pongezi ishirini.

Nimeona kengele imeshapigwa mara mbili na mwenyekiti ananitazama. Violezo nilivyokuja navyo viko meza ya kulia, vyote vina mraba wa milimita 50, na vitano vya mwisho vimeandikwa "hakijakatwa". Yule ndugu wa nyuma aliyeinua mkono tangu nilipoitaja leza, aanze kuuliza.